Ploti ya Kitengela na Nyumba ya Bei Nafuu Massachusetts

Dada huyu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, mwezi wa Machi, ametoka shifti ya usiku na hajalala. Swali lake lilikuwa moja tu. "Kaka, ile ploti ya Kitengela niiandike au nisiiandike?"

Mbele yake kulikuwa na fomu ya kuomba nyumba ya bei nafuu katika mji mdogo ulio jirani na Lowell, jimbo la Massachusetts, na ukurasa wa mali ulikuwa umemkwamisha. Alikuwa ameshashauriwa na watu watatu kanisani. Wawili walimwambia anyamaze, nani atakayekwenda kuitafuta Kitengela, Kenya. Wa tatu alimwambia ploti ihamishwe kwanza kwa jina la mdogo wa mumewe, halafu waombe kwa amani.

Nimewasaidia Wakenya na Wakongo wa hapa kujaza fomu hizi kwa miaka kadhaa, na ushauri wa namna hiyo nausikia kila msimu. Kisa cha dada huyu nakieleza kwa ruhusa yake na ya mumewe, majina nimeyaacha, kwa sababu karibu kila kitu kinachomsumbua mtu wetu katika safari hii kiliwapata wao: ovataimu, ardhi ya nyumbani, pesa za chama, yaani mchezo wa kuchangishana kwa zamu, na masharti ambayo watu huyajua siku ya kusaini.

Kwanza nyumba zenyewe zinatoka wapi. Massachusetts ina sheria ya mwaka 1969 inayojulikana kama Sura ya 40B. Miji mingi ya pembeni ilikuwa imeweka kanuni za ardhi zinazotaka kila nyumba ikae kwenye kiwanja kikubwa, na kwa njia hiyo mtu wa kipato cha kawaida alifungiwa nje bila kuambiwa hatakiwi. Sheria ikasema hivi: mji ambao nyumba zake za bei nafuu hazijafika asilimia 10 ya nyumba zote, mjenzi anaweza kupata kibali cha kujenga kwa wingi kuliko kanuni za mji zinavyoruhusu, mradi sehemu ya nyumba hizo, mara nyingi robo, ziwekewe kikomo cha bei na cha kipato cha mnunuzi. Mwaka 2010 sheria hiyo ilipelekwa kwenye kura ya wananchi ili ifutwe, na wapiga kura wakakataa kuifuta. Mradi alioombea dada yetu ulikuwa na nyumba 48, na 12 kati yake ndizo zilizokuwa za bei nafuu. Nyumba ya vyumba vitatu ya bei nafuu iliuzwa dola 265,000. Iliyofuatana nayo ukuta kwa ukuta, ya bei ya soko, iliuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Wao ni wanne: baba, mama, mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 11. Walikuwa wakiishi katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili Lowell kwa dola 2,300 kwa mwezi. Msichana analala na wazazi, mvulana ana chumba chake kwa sababu ya umri.

Kipato ndicho kilichotupa kazi ya kwanza. Kwa nyumba hizi kikomo ni asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, yaani kile ambacho nusu ya familia hupata zaidi yake na nusu chini yake, na hupangwa kwa idadi ya watu nyumbani kutokana na hesabu ambazo Wizara ya Nyumba ya Marekani hutoa kila mwaka. Linalohesabiwa ni mapato kabla ya kodi, ya kila mtu mzima aliye ndani, tena yale yanayotarajiwa katika miezi 12 ijayo. Mama ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, dola 22 kwa saa. Baba yuko kwenye ghala, dola 21. Kwa saa 40 kila wiki wote wawili wanafika dola 89,440 kwa mwaka. Kikomo cha watu wanne mwaka ule kilikuwa juu ya hapo kwa karibu dola 8,000. Walikuwa ndani.

Ila karatasi za mshahara zilisema jambo jingine. Tangu Januari mama alikuwa anashika shifti mbili za ziada kila wiki, saa 16 za ovataimu kwa dola 33. Hiyo ni dola 528 kwa wiki. Ofisi inayopitia maombi ikachukua wiki hizo 12, ikazitandaza mwaka mzima, na ovataimu peke yake ikawa zaidi ya dola 27,000. Barua ikaja kwamba kipato kimezidi.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kutupa fomu, au wanaanza kuomba msimamizi kazini awapunguzie saa. Sikumshauri lolote kati ya hayo. Nilimuuliza: kwa nini ulikuwa unafanya ovataimu? Akasema mwenzake alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na ameshafika mwisho wa likizo. Basi jibu lilikuwa hapo. Tuliomba barua ya mwajiri yenye mambo matatu tu: saa zake za kawaida kwa wiki, sababu ya zile shifti za ziada, na tarehe zilipokoma. Tukaambatanisha taarifa ya mshahara ya mwaka uliotangulia, ambayo ilionyesha ovataimu kidogo sana. Ofisi ikahesabu upya: mishahara ya kawaida pamoja na dola 6,336 za ovataimu iliyofanyika kweli, jumla dola 95,776. Wakapita wakiwa wamebakiwa na chini ya dola 2,000 hadi kwenye dari.

Ile barua isingekuwa kweli, nisingeiomba. Mtu ambaye ovataimu ndiyo maisha yake mwaka hadi mwaka, hiyo ni kipato chake, na itahesabiwa. Lakini mtu aliyebeba zamu za mwenzake kwa miezi mitatu asihukumiwe kwa miezi hiyo mitatu, na hakuna atakayemtetea kama mwenyewe hajaomba karatasi.

Sasa Kitengela. Kanuni za nyumba hizi zinaangalia mali kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni thamani: mali zote za familia zisizidi dola 75,000. Ya pili ni kama umewahi kumiliki nyumba ya kuishi katika miaka mitatu iliyopita, maana nyumba hizi ni za wanunuzi wa mara ya kwanza. Wapo wanaosamehewa kanuni hiyo, kwa mfano mtu aliyefikisha miaka 55, au mzazi aliyebaki peke yake na watoto baada ya ndoa kuvunjika, lakini kwa mume na mke wa umri wao kanuni hiyo inasimama.

Ploti yao ni eka moja ya nane, ina uzio wa miti na nguzo za mawe, haina hata choo. Walinunua kwa shilingi milioni 1.2, yaani kama dola 9,300. Ardhi tupu si nyumba ya kuishi. Ni mali. Ukijumlisha na akiba yao yote benki, hawakufika hata robo ya ile dola 75,000. Kwa hiyo ile ploti iliyomkosesha usingizi haikuwa na ubaya wowote. Ilitakiwa kuandikwa tu, na nakala ya mkataba wa mauziano kuwekwa nyuma yake.

Ubaya ungekuja kwa kufuata ushauri wa kanisani. Mali ukiitoa au ukiiuza chini ya thamani yake ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, inahesabiwa kwa thamani yake kamili kana kwamba bado ni yako. Kuihamisha kwa jina la shemeji kusingepunguza senti moja. Kungewapotezea ploti mkononi, kukawaachia swali la kujibu, na juu ya yote fomu inasainiwa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Kwa mtu mwenye grini kadi anayengojea uraia, hilo si jambo la kuchezea. Nilimwambia kwa simu asubuhi ile ile: "Dada, iandike. Andika na idadi ya nguzo ukipenda." Akacheka, akaenda kulala.

Lililonipa mimi wasiwasi hakuwa ameliuliza. Baba alikuwa amejenga nyumba kijijini, mawe na mabati, vyumba vitatu, kwenye shamba la baba yake. Pesa zilitoka kwake zote. Je, ni mwenye nyumba? Kwetu jibu ni ndiyo bila kusita, ile ni boma ya fulani, kila jirani anajua. Kwenye karatasi jibu ni tofauti: hatimiliki iko kwa jina la mzee, shamba halijagawanywa, na wanaoishi humo ni mzee na mama. Hatukuficha. Baba aliandika barua ya ukurasa mmoja akieleza alichojenga, mwaka gani, na nani anaishi humo, tukaweka nakala ya hatimiliki ya mzee. Ofisi ilirudi na swali moja, kama anapokea kodi kutoka humo. Hapokei. Wakaendelea. Lau shamba lingekuwa limeshagawanywa na kipande chake kuandikwa kwa jina lake, mambo yangekuwa mengine kabisa, na nadhani wangekataliwa.

Baada ya kukubaliwa kuomba, inakuja bahati nasibu ya kupanga foleni ya wanunuzi, na humo ndani mna kanuni ambazo wengi wetu hatuzijui. Mji unaweza kuomba hadi asilimia 70 ya nyumba ziwekwe kwa ajili ya kundi la wenyeji. Neno wenyeji ndilo linalowafukuza watu, kwa sababu Mkenya anayeishi Lowell anasoma hapo na kusema mimi si wa mji huo. Lakini kundi hilo huwa halikomei kwa wakazi. Kwa kawaida wamo pia wafanyakazi wa serikali ya mji, familia zenye watoto katika shule za mji, na waajiriwa wa biashara zilizo ndani ya mji. Nyumba ya wazee ambako dada yetu anaosha na kulisha wazee usiku kucha iko katika mji ule ule. Alikuwa mwenyeji miaka sita bila kujua. Karatasi yake ya mshahara ilikuwa na anwani ya makao makuu ya kampuni, mji mwingine kabisa, kwa hiyo tukahitaji barua nyingine fupi ya mwajiri kuonyesha anakofanyia kazi. Ningeomba kila anayefanya kazi za kuhudumia wazee katika miji hii ya matajiri ajiulize swali hilo kabla ya lolote.

Nyumba za vyumba vitatu zilikuwa 6, na 4 kati yake zilikuwa za kundi la wenyeji. Namba yake ilitoka ya 7. Alinitumia ujumbe wa neno moja: "Basi." Hakuwa ameelewa hatua ya pili. Namba zikishatoka, familia inayohitaji vyumba vyote ndiyo hutangulizwa. Wazazi chumba kimoja, mvulana chake, msichana chake: vitatu vinajaa. Kati ya sita waliokuwa mbele yake, watatu walikuwa wanahitaji vyumba viwili tu. Wakashuka, yeye akawa wa nne, na nyumba zilikuwa nne.

Benki ilileta kizuizi ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye mafundisho mengi zaidi kwa jamii yetu. Mkopo wa nyumba hizi lazima uwe wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika, na mnunuzi aweke angalau asilimia 3 ya bei, nusu yake ikiwa pesa yake mwenyewe. Kwa dola 265,000 hiyo ni dola 7,950, na 3,975 lazima zitoke mfukoni mwake bila kuwa zawadi. Kwenye taarifa ya akaunti yake benki ikaona dola 5,000 zimeingia kwa siku moja. Ni nini hizi?

Ni chama. Wanawake kumi, kila mmoja dola 500 kwa mwezi, zamu kwa zamu. Kwetu hakuna la kueleza hapo. Ofisa wa mikopo hakuwa na mahali pa kuliweka. Dada alikuja kwangu na daftari la chama, la mistari, kava la bluu limechakaa pembeni, kila ukurasa mwezi wake, majina kumi yameshuka kwa mkono wa katibu na tiki mbele ya kila jina, na penye kuchelewa katibu ameandika "ataleta Ijumaa". Tulipiga nakala kurasa zote. Lakini daftari peke yake lisingetosha. Kilichosaidia ni kwamba dada huyu alikuwa akituma mchango wake kupitia benki, siyo pesa mkononi, kwa hiyo kila mwezi dola 500 zilionekana zikitoka.

Nilipokaa na hesabu ile ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria miaka yote niliyocheza chama. Yeye alikuwa wa tisa. Alikuwa ameshatoa mara tisa, dola 4,500, kwa hiyo katika zile 5,000 alizopokea, 4,500 zilikuwa akiba yake mwenyewe na 500 zilikuwa deni la mwezi uliobaki. Angekuwa wa pili, angekuwa ametoa 1,000 tu, na 4,000 zingekuwa mkopo kutoka kwa wenzake, wa kulipwa kwa miezi minane. Anayepokea mwanzo amekopa. Anayepokea mwisho ameweka akiba. Ofisa alipoelezwa hivyo, na akaona miezi tisa ya michango kwenye taarifa za benki, alikubali zile 4,500 kuwa pesa zake. Zilizobaki za malipo ya mwanzo zikatoka kwenye akaunti ya baba.

Siku ya kusaini karibu, tulikaa jioni nzima mezani kwao na kiambatisho cha hati, yaani masharti yanayobaki na nyumba hata ikibadilisha wenyewe. Nilisisitiza tukae. Nimeona watu wakisaini kiambatisho hicho kama wanavyosaini risiti.

Bei ya kuuzia haipangwi na soko. Siku ya kununua, bei inagawanywa kwa kipato cha kati cha familia ya watu wanne eneo lile, na jibu linakuwa kizidishio cha nyumba hiyo. Siku ya kuuza, kizidishio hicho kinapigwa kwa kipato cha kati cha wakati huo. Tuseme kwa mfano kipato cha kati ni dola 132,500: kizidishio kinakuwa 2. Miaka kumi baadaye kipato kikifika 160,000, bei ya juu kabisa ni 320,000, pamoja na gharama za maboresho yaliyoidhinishwa mapema. Nyumba ya jirani ya bei ya soko inaweza kuwa imepanda kwa laki mbili, hiyo haiwahusu. Kwa mkopo wa asilimia 6, katika miaka hiyo kumi watakuwa wamelipa karibu dola 42,000 za deni lenyewe. Wakiuza, kabla ya gharama, wanaondoka na kama dola 105,000. Katika nyumba ya kupanga wangeondoka na dhamana yao, kama haikukatwa.

Baba alisikiliza yote haya kimya, kisha akauliza swali lake. Alitaka kujua kama baada ya miaka mitano anaweza kukopa juu ya nyumba ili ajenge vyumba vya kupangisha Kitengela. Ndiyo mpango wa nusu ya wanaume ninaowajua hapa. Nikamwonyesha kifungu: mkopo mpya wowote juu ya nyumba unahitaji idhini ya msimamizi wa masharti, na hauwezi kupita kile kiwango cha bei iliyodhibitiwa. Halafu kingine: haruhusiwi kuipangisha na kuhamia kwingine. Wakitaka kurudi Kenya kustaafu, wanaiuza kwa mtu mwingine wa kipato kama chao, kwa bei ya kizidishio.

Alinyamaza muda mrefu. Mkewe akasema, "Baba, mimi nataka mtoto alale chumbani kwake." Hakuna aliyeongeza neno.

Maoni yangu niliwapa waziwazi, na ndiyo ninayowapa wote. Mtu aliyepanga kurudi nyumbani baada ya miaka mitatu minne, au anayetaka nyumba iwe mtaji wa kujengea nyingine, nyumba hii itambana, na ni afadhali aendelee kupanga na kuweka akiba. Familia yenye watoto wanaosoma, inayotaka malipo yasiyopanda kila mwaka na shule nzuri za mji huo, sijui mlango mwingine wanaoweza kupitia kwa mishahara ya dola 21 na 22. Malipo yao ya mwezi, mkopo, kodi ya ardhi, bima na ada ya jumuiya ya wakazi, yalifika karibu dola 2,250. Ni hamsini chini ya kodi waliyokuwa wakilipa kwa vyumba viwili. Na mshahara wao ukipanda baadaye, hakuna anayewatoa. Kipato kilipimwa mlangoni.

Wamehamia. Kila mwaka msimamizi anatuma barua ya kuthibitisha kwamba bado wanaishi humo, mama anaisaini na kuirudisha siku hiyo hiyo. Ploti iko Kitengela na uzio wake.

Chama sasa kinakusanya michango yote kupitia benki, na wanawake wawili wa chama hicho wamekuja kwangu tangu hapo. Mmoja yuko kwenye orodha ya kungojea katika mji mwingine. Wa pili anamiliki nyumba Ruiru, hatimiliki kwa jina lake, wapangaji wawili ndani. Alikuja na karatasi zake zote zimepangwa kwenye faili, hata ameshalipia darasa la wanunuzi wa mara ya kwanza. Nilimfungulia ukurasa wa kanuni, tukausoma pamoja mpaka mwisho, kisha nikamsaidia kuandika barua ya kuomba arudishiwe ada ya darasa.